Ekseli ya mbele kwa Wrangler ya tairi za inchi 35

Kaka, umeuliza kama ung'oe Dana 30, ekseli ya mbele ya Jeep Wrangler yako ya kizazi cha JK, uagize Dana 44, ile kubwa zaidi ya toleo la Rubicon, maana umeshavaa tairi za inchi 35. Kwanza niambie gari linakwenda wapi. Kama ni Nyali hadi Diani na mchanga kidogo wikendi, tulia. Dana 30 nzima, yenye krosi (viungo vya shafti) zisizochezacheza, itakubeba, mradi hujaifunga loka (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) na hukanyagi mafuta ovyo gurudumu likiwa hewani.

Kama unapenda mawe na matope ya Kwale wakati wa masika, Dana 44 ina faida: difu (gia za katikati ya ekseli) kubwa, shafti nene za meno 30 badala ya 27, na ya Rubicon huja na loka. Lakini wengi husahau kwamba mirija yake, ile inayofunika shafti, si minene kuliko ya Dana 30, na ndiyo hupinda. Mpe fundi wa kuchomelea anayejua kazi aiimarishe, pamoja na zile C (vyuma vyenye umbo la herufi hiyo) za mwishoni mwa mirija, kabla hujaifunga.

Gia nazo! Uwiano wa mbele na nyuma lazima ulingane, la sivyo ukiingiza foo-wili (magurudumu yote manne yakivuta) utavunja kitu. Kwa inchi 35, uwiano wa 4.56 (propela izunguke mara 4.56 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) hufaa. Weka bajeti ya kubadili gia za difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, halafu ujumlishe nauli ya meli na ushuru pale Kilindini, maana chuma hicho ni kizito.

Ikiwa ni ya mtumba, fungua kifuniko cha difu uangalie meno na kutu.