Prodyuza kwenye kava la albamu ni nani hasa?

Mkuu, umeuliza: kava la albamu uliyonunua lina prodyuza wawili, "mtayarishaji mkuu" mmoja na "mpangaji muziki", sasa nani aliutengeneza muziki wenyewe? Napiga kinanda hapa Tanga mwaka wa 19 huu, taarab na dansi, na neno hilo "prodyuza" limeshaniumiza. Nikujibu nilivyoyaona.

Huku kwetu prodyuza ni yule aliyekaa kwenye kompyuta: anatengeneza biti, anarekodi, anamiksi. Kwenye albamu nyingi za Marekani na Uingereza kazi hizo wanagawana mainjinia, na prodyuza ni anayeamua wimbo usikike vipi. Anaweza asiguse kitufe hata kimoja. Mtayarishaji mkuu mara nyingi ni mwenye fedha au bosi wa lebo.

Sheria nayo ina prodyuza wake. Mkataba wa Roma wa 1961 unamtambua aliyezinasa sauti kwa mara ya kwanza, na mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, wa 1996 ukaongeza kwamba ni yule aliyeanzisha na kubeba dhamana ya kurekodi. Anaweza kuwa kampuni. Geuza kava utafute herufi P ndani ya duara, na mwaka na jina pembeni yake: huyo ndiye mwenye rekodi.

Yaliyonikuta ni haya. Tulirekodi nyimbo sita za taarab. Mashairi ya dada mmoja wa Ngamiani, muziki nikatia mimi, usiku, kinanda juu ya meza ya chakula, sauti nimeipunguza watoto wasiamke. Vipande vya fidla nilimwimbia mpigaji kwa mdomo mpaka akavishika. Kava likatoka: mtunzi, yule dada. Prodyuza, mfadhili aliyelipia studio. Mimi nikaandikwa "kinanda".

Hakuna neno la uongo hapo, na ndilo lililonichoma. Kwenye taarab ukisema mtunzi, watu wanaelewa mwenye shairi. Anayetia muziki hana cheo kinachofahamika. Wenzetu wa dansi wana nafuu: tangu enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, mtu akitajwa solo, ridhimu au besi, kila mmoja anajua alishika gita gani. Tulipokwenda kusajili haki za nyimbo zile sita, kava ndilo likawa ushahidi. Mpiga kinanda ana haki ya mtumbuizaji tu, ya utunzi hana. Yule dada, Mungu ampe umri, alikuja mwenyewe akasema, "Maneno yangu, muziki wa kaka huyu." Karatasi ikaandikwa upya.

Kwa kava lako, ningeanza na mpangaji muziki: huyo ndiye huamua fidla iingie wapi na besi inyamaze wapi. Kisha soma chini ya jina la kila wimbo. Ukikuta "maneno" na "muziki" vimeandikwa mbalimbali, jina lililo pembeni ya "muziki" ndilo unalolitafuta. Ukikuta "mtunzi" peke yake, niambie ni taarab, dansi au bongofleva, maana jibu linabadilika.