Breki ya mkono ya Land Rover 109: tafuta mafuta kabla ya kukaza

Land Rover za zamani, kuanzia zile za kwanza za 1948 hadi Series III iliyoacha kutengenezwa 1985, hazina breki ya mkono kwenye magurudumu. Breki hiyo iko katikati ya gari, nyuma ya transfa, yaani giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ni dramu moja tu, imefungwa pamoja na propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Ukivuta mkono wa breki unashika propela, na propela inayashika magurudumu ya nyuma kupitia difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Asiyejua hilo atafungua magurudumu, atabadilisha breki shuu zote za nyuma, na gari bado litateleza mlimani.

Mimi nina 109 Series III (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), na njia zangu ni za milima ya Usambara, Tanzania: kutoka Mombo kupanda Soni na Lushoto, kisha zile za udongo zinazoelekea Mlalo. Huko huwezi kuegesha gari lenye mzigo bila breki ya mkono ukalala usingizi. Kwa hiyo hii breki nimeichunguza sana, yangu na za wenzangu, na kila inapogoma kushika mimi huanza kwa kuinama chini ya transfa kutazama mafuta. Mafundi wengi huanza kwenye rodi inayounganisha mkono na breki. Wanaikaza, mkono unakuwa mgumu, mwenye gari anafurahi, na baada ya muda mfupi tatizo linarudi likiwa kubwa zaidi.

Linarudi kubwa kwa sababu rodi ikikazwa kupita kiasi, breki shuu hazirudi zote. Zinagusa dramu muda wote gari linapotembea, dramu inapata moto, na sili, ile pete inayozuia mafuta ya transfa yasitoke, iko hapo hapo nyuma yake. Sili ikikauka kwa moto inavuja, mafuta yanamwagikia breki shuu, breki inateleza. Hapo mtu anarudi kukaza rodi tena.

Kabla ya kuingia chini, weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Hili nawaomba mlichukue kwa uzito. Kwa kuwa breki inashika propela na si gurudumu, ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu hilo la juu kuzunguka upande mmoja na la chini kuzunguka upande wa pili. Gari linaondoka huku mkono wa breki umevutwa mpaka mwisho. Breki hiyo hata ikiwa mpya kabisa haikusaidii hapo. Ni mawe tu yatakayokuokoa.

Sasa fungua propela ya nyuma upande wa dramu. Nati zake ni nne, na spana yake ni ya inchi 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, ya 15 inakula kona za nati, na nati iliyoliwa mahali pale ni kazi ya patasi. Tafuta spana sahihi kwanza. Dramu yenyewe imeshikwa na skrubu. Ikigoma kutoka, legeza adjasta inayosogeza breki shuu karibu au mbali na dramu, kwa sababu huenda ndani kuna ukingo uliochongwa na breki shuu. Usipulize vumbi lake kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe.

Ukikuta ndani kumelowa mafuta mazito ya giaboksi, breki shuu hizo zimekwisha hata kama laining, ile sehemu inayosugua dramu, bado nene. Najua wapo wanaozichoma moto mafuta yatoke, au kuziloweka kwenye petroli. Zinashika siku ya kwanza, kisha mafuta yaliyozama ndani yanapanda juu zikipata joto. Peleka zikabandikwe laining mpya au nunua nyingine. Lakini usizifunge kabla hujaziba panapovuja.

Pima kwanza kiwango cha mafuta ya transfa. Inachukua kama lita 2.5, na ukifungua nati ya kupimia mafuta yanapaswa kuwa usawa wa tundu. Yakimwagika mengi, ama mtu alijaza kupita kiasi, ama mafuta ya giaboksi kubwa yanahamia kwenye transfa kupitia sili iliyo katikati yake. Ukiona ya giaboksi yanapungua huku ya transfa yanaongezeka, jibu umelipata, na sili mpya ya nyuma peke yake haitadumu. Angalia pia tundu la kupumulia kama limeziba kwa matope, maana hewa ya moto ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta nje.

Kubadilisha sili ya nyuma unatoa kotapini (pini inayozuia nati isilegee), unafungua nati kubwa, unavuta flanji, kile kipande kinachounganisha shafti ya transfa na propela. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Pitisha ukucha kwenye flanji mahali mdomo wa sili unaposugua. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili yoyote utakayoweka itavuja. Badilisha flanji, au fundi wa mashine aivishe bushi nyembamba. Wakati wa kurudisha, paka silikoni kidogo kwenye meno ya shafti chini ya washa, kwa sababu mafuta hupita hata hapo. Kotapini iwe mpya.

Vile vipistoni vidogo vinavyosukuma breki shuu hukwama kwa kutu na tope. Vitoe, visafishe, vipake grisi kidogo sana, viteleze kwa kidole. Springi zipige picha kwa simu kabla ya kuzitoa.

Kurekebisha, mkono wa breki uwe chini kabisa na rodi iwe imelegea. Zungusha adjasta, ile yenye kichwa cha mraba, kwa mwendo wa saa mpaka breki shuu zibane dramu, kisha irudishe mibofyo miwili. Dramu izunguke huru. Ndipo uguse rodi, na uiguse kwa kuondoa ulegevu tu. Pini za rodi zilizolika zibadilishwe, usizifidie kwa kukaza.

Ukijaribu kwenye mteremko gari litasogea kidogo kabla ya kusimama. Ni nafasi ya meno ya difu na propela, si kosa lako. Usivute mkono huu gari likiwa kwenye mwendo isipokuwa breki ya mguu imekufa, maana mshtuko wote unaishia kwenye hafshafti za nyuma, zile zinazotoka kwenye difu hadi magurudumuni, ambazo kwa Series nyingi ni dhaifu. Na ukiegesha pabaya, weka transfa kwenye gia ya chini. Hapo propela ya mbele nayo inafungwa na magurudumu yote manne yanasaidia, mradi habu za mbele, kama gari lako lina za kufungua na kufunga, ziwe zimefungwa.

Baada ya wiki ya matumizi ingia tena chini na tochi. Laining mpya huwa zinakaa, adjasta huhitaji mbofyo mmoja zaidi. Gusa sehemu ya chini ya dramu kwa kidole: ikiwa kavu, kazi imekamilika.