Kabla hujapendekeza makala ifutwe Wikipedia

Uandishi mbovu si sababu ya kufuta makala. Mbegu, yaani makala fupi sana, ya sentensi mbili kuhusu kata fulani mkoani Singida, hata ikijaa makosa ya tahajia, inabaki: kata ipo na sensa ya 2022 inaitaja. Wa kutiliwa shaka ni ukurasa mrefu, wenye picha safi, wa mjasiriamali ambaye vyanzo vyake vyote ni Instagram na tovuti yake mwenyewe. Jiulize kama watu wasiohusika naye wamewahi kumwandika kwa kirefu, tena zaidi ya mara moja. Tangazo la kulipia gazetini halihesabiwi.

Anza na historia ya ukurasa, yaani orodha ya matoleo yake yote. Pengine makala ilikuwa nzima hadi mtu alipofuta aya na kuweka matusi. Hapo unarejesha toleo la zamani, basi. Kisha tafuta jina kwa tahajia zote. Mwanasiasa wa miaka ya 1960 huenda asionekane Google lakini akajaa magazetini na vitabuni, kwa hiyo ukimya wa mtandao usikupe haraka.

Penye harufu ya kunakiliwa, chukua sentensi ndefu isiyo ya kawaida, itie ndani ya alama za kunukuu, uitafute. Ukiikuta kwenye blogu, usimhukumu mtu bado, maana blogu nyingi ndizo zinazonakili Wikipedia. Historia itakuonyesha siku sentensi ilipoingia. Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, huenda ikakuonyesha blogu ilikuwa na nini kabla ya hapo. Wizi ukithibitika na hakuna toleo safi la awali, makala hufutwa bila mjadala mrefu.

Ukihamishia aya kwenye makala nyingine, usiombe ya zamani ifutwe. Ielekeze kwenye hiyo mpya. Leseni ya CC BY-SA, ambayo Wikipedia huitumia, inadai waandishi watambuliwe, na majina yao yamo katika historia ya ukurasa ule ule unaotaka uondoke.

Ukishaamua, weka kigezo cha kufuta (tangazo la pendekezo lako juu ya makala) na utaje ulipotafuta vyanzo. "Hana umaarufu" peke yake ni hoja ya uvivu. Mwarifu mwanzilishi kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Wikipedia ya Kiingereza huacha mjadala kwa siku 7 hivi, na anayeufunga hupima hoja, hahesabu kura tu. Mkabidhi, yaani msimamizi mwenye uwezo wa kufuta kurasa, akishafuta, pitia kurasa zilizokuwa zikiunganisha hapo uondoe viungo vyekundu (vya kurasa zisizokuwepo), la sivyo mgeni atabofya kimoja na kuianzisha upya makala ile ile.