Nilivyoumbuka porini kwa kujifanya naujua mninga

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "kaka nataka kuanza biashara ya mbao, mninga nitautambuaje ukiwa bado umesimama?" Nikacheka mwenyewe, maana swali hilo hilo ndo lililoniumbua mimi Sikonge kule Tabora mbele ya tajiri aliyenilipia nauli mpaka chakula.

Mimi ni fundi, mbao ya mninga naijua hata gizani. Kiini chake cha kahawia kinachovuta wekundu, pembeni ile nyeupe inayopendwa na wadudu, halafu ukipiga randa vumbi lake unapiga chafya mpaka machozi. Mlango wa mninga haupindi ovyo kwa sababu mbao yake ikikauka inasinyaa kidogo sana. Sasa nikajiona kwa sababu najua mbao basi na mti naujua, kumbe wapi!

Ilikuwa kiangazi, miombo yote imepukutisha majani. Nikaona mti una gome jeusijeusi limepasukapasuka kama ngozi ya mamba, nikamwambia tajiri kwa sauti kubwa kabisa, "bosi huu hapa mninga." Mzee aliyetuongoza hakusema kitu, akachomoa panga akagusa gome kidogo. Hakuna kitu. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, huu ulikuwa mkavu kabisa. Tajiri akaniangalia tu. Ile kazi akampa mtu mwingine, na mpaka leo nikikutana naye ananiita "fundi wa mamba", sijazoea.

Nikarudi kwa yule mzee peke yangu, safari hii na panga langu, kila mti nakwaruza. Akanifokea, "We kijana, unaijeruhi miti bure, na hiyo damu hata mkurungu unayo!" Na kweli, mkurungu ni ndugu yake mninga, nao unatoka damu. Kwahiyo ukishaona wekundu usianze kushangilia kama nilivyotaka kufanya mimi.

Akaniambia niiname nitafute chini. Tunda la mninga ni la duara, upana kama sentimita 8 hadi 12, katikati limejaa nywele ngumu zinazochoma kama brashi ya waya, kuzunguka hapo kuna bawa jembamba kama karatasi. Hata majani yakiisha, matunda mengine yanabaki yananing'inia juu, ndo maana kiangazi sio kisingizio. Mkurungu nao tunda lake lina bawa, kwahiyo majani yakiwepo hesabu vijani kwenye kikonyo kimoja, mninga mara nyingi unakuwa navyo 11 hadi 19, mkurungu vichache na vipana zaidi. Maua ya mninga ni ya njano, yanatoka kabla mvua hazijashika, na hapo nyuki wanakuwa wengi, angalia usiende na manukato.

Ndugu zangu vijana mnaotaka hela za mbao, acheni kujifanya wajuaji. Gome peke yake halitoshi, damu peke yake haitoshi, unganisha gome, tunda na jani ndo ufungue mdomo. Na ukishautambua haimaanishi uukate, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwanza. Mninga unakua taratibu mno, huo unaouona mnene hivyo pengine ni mkubwa kuliko babu yako, halafu wewe unauangusha kwa dakika chache ukatengeneze kitanda. Heshima jamani! Na wazee wa vijijini wapeni hela ya maana wakiwaongoza, sio soda moja, mimi nilimpa soda na bado naona aibu.

Yule mdogo wangu nimemwandikia haya yote. Jana kanitumia picha tano, zote za gome, eti "kaka, huu ndo wenyewe?" Nimemwambia arudi akaokote tunda, mpaka sasa hajajibu.