Afande Kasema

Juzi nilipita kituo cha polisi kusalimia. Kaunta nikakuta kijana wa miezi minne kazini anaongeza kistari kwenye rejista ya mahabusu, saa 1 inageuka saa 7. Unafanya nini, mwanangu? "Afande kasema."

Nikaishiwa nguvu. Basi sikilizeni, wadogo zangu.

1. Zile saa nne ambazo sheria inaturuhusu kumhoji mtuhumiwa zinaanza mtu anapokamatwa, si mkuu akishamaliza chai.

2. Hapa nitakaa, maana kistari hicho nami nilikichora. Tulimkamata kijana wa wizi wa pikipiki saa 1 asubuhi, maelezo yake ya onyo, yale mtuhumiwa anayotoa baada ya kuonywa, yakaandikwa saa 9 alasiri. Mkuu akaniita pembeni: "Weka saa 7." Ndiyo afande! Nikaweka, na mwandiko mzuri kabisa. Miezi saba baadaye niko mahakamani, nimeshakula kiapo. Wakili wa utetezi, mzee mpole kama muuza ubani, akaniomba nisome rejista. Saa 7. Akaniomba nisome OB, kitabu cha matukio ya kituo, ya siku hiyohiyo: saa 3 asubuhi, mama wa mtuhumiwa amefika kuomba dhamana. Mwandiko wangu! Rejista niliikumbuka, OB nikaisahau. "Afande, huyu mama alimwombea dhamana mtu ambaye hajakamatwa?" Jasho likanishuka hadi kwenye buti. Maelezo yakatupwa, kijana akaachiwa. Mkuu alipoulizwa akasema hakuniagiza kitu, na kweli, karatasi haikuwepo. Hakimu hakutaka kujua nani alisema. Aliuliza nani aliandika. Kesi ya kughushi nilinusurika kwa tundu la sindano. Cheo kilikaa miaka sita bila kusogea.

3. Omba agizo kwa maandishi. Akikataa, andika kwenye notibuku yako siku na saa.

4. Nyololo, mkoani Iringa, Septemba 2, 2012, alipouawa mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, askari walikuwa wengi, na wenye nyota mabegani walikuwepo. Mwaka 2016 pale Iringa aliyefungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia ni konstebo mmoja.

5. Mnaoota misheni za kulinda amani nje, someni kifungu cha 33 cha Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Amri inakukinga endapo tu sheria ilikubana uitii, hukujua ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa wazi. Yote matatu kwa pamoja. Mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu, uharamu wake uko wazi siku zote.

Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kalamu mkononi. Kisha akauliza: "Sawa afande. Sasa niandike saa ngapi?"