Mzee Deki anajibu: Diski ya Marekani, deki ya Dubai

SWALI: Shikamoo Mzee Deki. Baba mkwe wangu alisoma Calcutta ujanani, na hadi leo anaisimulia Pather Panchali, picha ya mwongozaji Mhindi Satyajit Ray, utadhani kaitazama jana. Nakala niliyompatia ni ya kudurufu. Maandishi ya chini hayasomeki. Shemeji yangu anakuja Desemba kutoka Minneapolis, na huko inauzwa seti ya kampuni ya Criterion yenye picha tatu za kijana Apu, hii ikiwa ya kwanza. Aniletee? Deki yetu ni ya Blu-ray, tuliinunua Dubai. Na mbona picha ya mwaka 1955 ilichelewa hivyo kupata diski safi? – Mkwe Mwema, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie shemeji asilipe kwanza.

Diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia. Marekani ni A. Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba ni B. Blu-ray za Criterion za Marekani zimefungwa A, kwa hiyo deki ya Dubai huenda ikakutolea maandishi ya kukataa, na baba mkwe kashavaa miwani. Ageuze kasha, atafute alama ndogo yenye herufi. Akikuta B, anunue bila kuuliza bei mara mbili. Criterion wana toleo la 4K pia, lenye picha kali zaidi. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, ila deki ya kawaida ya Blu-ray haizisomi, na Blu-ray zilizomo kwenye kasha hilohilo zinabaki za A. Wala asikubebee deki ya kule bila kusoma kibandiko cha umeme. Wao wanatumia volti 120, sisi 230. Utaiunguza kabla Apu hajazaliwa.

Kuhusu kuchelewa, hapo usimlaumu mtu. Julai 1993 negativu za picha za Ray, yaani mikanda ya asili inayotolewa nakala, zilikuwa London, katika maabara ya Henderson's, zikingoja kufanyiwa matengenezo. Maabara ikashika moto. Ray mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mabaki yaliyoungua hayakutupwa: yalihifadhiwa na Academy, hao hao wa tuzo za Oscar, na yakakaa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na mashine ya kupitisha mkanda uliojikunja na kukauka vile.

Mimi nimeshika mikanda mizee katika chumba cha projekta. Inanuka siki, inasinyaa, ukiivuta kidogo vitundu vya pembeni vinachanika. Sasa fikiria iliyopitiwa na moto! Mafundi wa L'Immagine Ritrovata, kule Bologna, Italia, waliirudishia unyevu ili ilainike, wakabandua gundi iliyoyeyuka, wakajenga upya vitundu kimoja kimoja kwa mkono. Pale ambapo negativu haikufaa, walitumia nakala nyingine zilizosalimika. Apur Sansar, ile ya tatu, imetokana zaidi na hizo. Kazi ikaonyeshwa New York mwaka 2015, na diski zikatoka mwaka huohuo. Tuliosubiri tulikuwa tumeshazoea ukungu.

Tofauti utaiona kwenye lile bwawa la Pather Panchali, mvua inapokaribia. Wadudu wanateleza juu ya maji, sitari ya Ravi Shankar inakwenda nao. Katika nakala yako hiyo ya kudurufu nadhani ni vidoa tu. Katika diski safi unaona miguu yao ikibonyeza maji. Wapo wanaosema picha ya zamani ina utamu wake ikiwa na mikwaruzo. Mimi hao siwaelewi. Ray hakupiga mikwaruzo.

Kabla hujaagiza chochote, tazama nyuma ya deki yako, unakili namba ya modeli uniandikie. Baadhi ya deki za Dubai hufunguliwa kanda zote dukani kabla ya kuuzwa. Kama yako ni mojawapo, shemeji aje na seti ya A na mjadala umekwisha.