Miaka 11 NSSF: nihamishie UTT au niache?

Mdogo wangu, unauliza kama uache kazi hapo kiwandani Tanga uzitoe hela za NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara, uzipeleke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mimi ningeziacha.

Kwanza piga hesabu. Umechangia miaka 11, yaani miezi 132. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, kwa hiyo umebakiza 48 tu. Miaka minne! Na hiyo miezi si lazima uimalizie hapo hapo, ukihamia mwajiri mwingine unaendelea na namba yako ile ile.

Halafu lile fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, walilochukua kaka zetu zamani, lilifutwa 2018. Siku hizi kuna fao la kukosa ajira, nalo si la mtu aliyeandika barua ya kuacha mwenyewe. Usije ukaacha kazi ukijua hela inakusubiri dirishani.

Mimi nilijitoa 2013 nilipotoka shamba la mkonge. Nikanunua pikipiki mbili, moja ikaibiwa Ngamiani hata mwaka haujaisha, ya pili sitaki hata kuisimulia. Sasa nina miaka 52 na naanza kuhesabu miezi upya.

UTT si mbaya, mke wangu anayo. Ila weka kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, huku kule NSSF mwajiri anaendelea kukuchangia. Na wiki hii pitia ofisi ya NSSF uchukue taarifa ya michango, uone kama kila mwezi umeingia kweli. Waajiri wengine wanakata na hawapeleki.